Mwalimu Mpya, Desturi ya Zamani

Wengi wenu msomao gazeti hili mtakuwa waalimu, na baadhi ya wanafunzi wa zamani mmekwisha kuwa. Mwajua basi jambo hili: kijana hutoka chuoni na mafunzo mapya, na baada ya muhula mmoja hufundisha vile vile alivyofundishwa yeye utotoni. Kwa nini?

Iko nadharia inayosaidia kujibu, iitwayo nadharia ya shughuli. Asili yake ni Urusi, kwa Lev Vygotsky aliyefariki mwaka 1934, na mwenzake Leontiev. Mwaka 1987 Yrjö Engeström wa Finland aliipanua. Maana yake ni nyepesi kuliko jina lake. Tazama watu wanaolima kwa jembe la kukokotwa na ng'ombe. Mtoto anayewaongoza ng'ombe hashiki jembe wala hapandi mbegu. Ukimtazama yeye tu, utadhani anatembea. Kazi yake huonekana ukitazama shughuli nzima: shamba linalotakiwa, chombo, kanuni, majirani wanaoazimana ng'ombe, na jinsi kazi ilivyogawanywa. Ukibadili kimoja, vingine huvutana nacho. Katika mvutano huo mabadiliko huzaliwa, au hufa.

Sasa twende Petta, katika nchi ya Wapadhola wilayani Tororo. Mwaka 2007 Uganda ilianza mtaala mpya wa madarasa ya chini: mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu afundishwe kwa lugha ya kwao, Kiingereza kiwe somo, na darasa la nne liwe la kuvukia. Kwa Petta lugha hiyo ni Dhopadhola. Mimi naona shauri hilo ni jema kabisa, maana mtoto atasomaje neno asilolijua? Lakini kilichobadilishwa ni chombo. Lengo ni lile lile: wazazi na mwalimu mkuu wanangojea mtihani wa darasa la saba, nao huandikwa kwa Kiingereza. Mwalimu naye alisomeshwa chuoni kwa Kiingereza. Tena hupelekwa penye nafasi, na Tororo ina Wateso pia; ukielekea Busia utawakuta Wasamia. Mteso akipewa darasa la kwanza huko Petta, lugha ya kwao watoto ni ngeni kwake. Anayemwita mvivu amemtazama kiongozi wa ng'ombe peke yake.

Sera ya waalimu ya Uganda ya mwaka 2019 yataka kila mwalimu awe na shahada. Kenya nayo, tangu 2021, vyuo vyake hufunza waalimu wa msingi kwa stashahada badala ya cheti. Ni vyema, ila hayo humbadili mtu mmoja tu katika shughuli ya wengi.

Katika miaka ya 1990, huko Helsinki, Engeström na wenzake waliwaketisha wafanyakazi wa mahali pamoja mbele ya mambo yaliyotokea kazini mwao, wakatafuta wenyewe mvutano ulipo. Petta, mkutano wa namna hiyo ungekuwa na mkufunzi wa chuo, mwalimu wa darasa la kwanza, yule wa la saba, na wazazi, na madaftari ya watoto yamewekwa mezani. Ningeanza na yale ya darasa la nne.