Simu ya Intaneti Inapoita Lakini Hamsikiani



Kikundi chenye simu ya intaneti ofisini kinaweza kuongea na mnunuzi wa ndengu wa Nairobi kwa gharama ndogo. Lakini kuna taabu moja. Simu inaita, mnunuzi anajibu, halafu kimya. Ninyi mnasema "haloo, haloo", yeye hasikii. Au yeye anawasikia, ninyi hamsikii kitu. Mnunuzi naye hangoji, anapigia watu wa Ishiara au Kiritiri.

Watu husema mtandao ni mbovu. Mara nyingi siyo mtandao, ni fayawoli.

Fayawoli ni askari wa getini. Anakaa ndani ya ruta, na mwingine ndani ya kompyuta. Aliyetoka ndani akirudi, anamfungulia. Mgeni asiyetajwa anamfukuza. Kwa barua pepe mpango huo ni mzuri kabisa. Kwa simu unaleta shida, kwa sababu simu ya intaneti haipiti mlango mmoja. Habari ya kwamba "kuna simu yenu" kwa kawaida hupitia mlango namba 5060, lakini sauti yenyewe huja kwa milango mingine ya namba kubwa, inayochaguliwa upya kila mnapopiga. Basi askari anaruhusu kengele na kuzuia sauti.

(Wazee watakumbuka kwamba zamani kuzuiwa huku hakukuwa kosa la ruta. Shirika la Posta na Simu liligawanywa mwaka 1999, lakini Telkom Kenya ilibaki na ukiritimba wake hadi 2004. Siku hizo simu za intaneti hazikuruhusiwa.)

Kabla ya kumlipa fundi, jaribuni hivi. Ipeni kompyuta intaneti kutoka simu ya mkononi ya mwanachama, mpige namba ile ile. Mkisikiana vizuri, shida iko kwenye ruta ya ofisi. Msiposikiana, tazameni fayawoli ya kompyuta, ndipo muulize kampuni ya simu.

Kwenye ruta, tafuteni kitu kinachoitwa SIP ALG. Kiliwekwa ili kisaidie, yaani kisahihishe anwani zilizo ndani ya ujumbe wa simu, lakini mara nyingi kinaziharibu. Kizimeni, mwashe ruta upya. Mimi ningeanza hapo, maana hakuna gharama, na msipoona nafuu mnakirudisha.

Dalili nyingine: asubuhi mkiwasha simu mnapigiwa vizuri, baada ya muda hakuna anayewapata, ingawa ninyi mkipiga inatoka. Askari amesahau. Akiona kimya kidogo anafunga mlango. Dawa ni kuipanga simu itume salamu fupi kwa kampuni kila sekunde 30 hivi.

Kuna mafundi watakaowaambia mzime fayawoli kabisa. Msikubali! Wezi huzunguka mtandaoni usiku na mchana wakitafuta mitambo ya simu iliyo wazi. Wakiipata hupiga namba ghali za ng'ambo, na bili inakuja kwenu. Pesa ya tangi la maji inaweza kwisha Jumamosi na Jumapili moja. Fundi afungue milango ya simu kwa anwani ya kampuni yenu peke yake, na neno la siri lililokuja na simu libadilishwe.

Faksi ina ukaidi wake. Sauti ya mtu ikibanwa bado inaeleweka, mlio wa faksi ukibanwa unaharibika. Kama mnaongea vizuri lakini karatasi haifiki, iombeni kampuni itumie G.711, ambayo haibani sauti kama G.729, na mpunguze mwendo wa mashine kutoka 14,400 hadi 9,600. Njia iliyo bora ni T.38, iliyotengenezwa kwa faksi za intaneti, ila nayo ina jambo: faksi huanza kama simu ya kawaida, halafu katikati inaomba kubadilika. Ikiwa askari hayatambui mabadiliko hayo, faksi inakatika sekunde chache tu baada ya mashine kuanza kulia.

Mkimwita fundi, mwandikieni saa ambayo simu ilikwama, nani alipiga, nani hakusikia, na ilikatika baada ya sekunde ngapi. Fundi aliyeambiwa tu "simu imekataa" atashinda kutwa akibahatisha, na kutwa hiyo mtailipa.