Kipulizio, Ulimi na Kifungo: Habari za Zumari na Mpingo

Mtu akilisikia jina la Naipingo, katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, sikio lake laukumbuka mpingo. Wala si ajabu, kwa maana nchi ile yote, toka Kilwa na Liwale hata kuvuka mto Ruvuma, ndiyo makao ya mti huo. Wenyeji husema kwamba mpingo wao huenda Ulaya kufanywa klarineti na oboi, na hilo ni kweli. Lakini tumewasikia wengine wakiongeza kwamba sauti ya vyombo hivyo ni sauti ya mpingo. Hapo yatupasa kulinyosha neno kidogo. Sauti haizaliwi katika mpingo. Huzaliwa pale pumzi inapoingia, na mahali pale mpingo umekwisha ondolewa, kwa sababu tutakayoieleza.

Tuanze na chombo kilicho karibu nasi, yaani zumari ya pwani, ambayo jina lake ni la Kiarabu na asili yake ni moja na mizmari. Mwili wake ni bomba la mti lipanukalo kuelekea chini, lenye matundu ya vidole. Juu huchomekwa kibomba chembamba cha madini, na juu ya kibomba hicho hufungwa ulimi, ambao ni jani kavu la miti ya jamii ya mvumo, lililokatwa likawa bapa na kukazwa kwa uzi. Chini ya ulimi kuna kisahani. Mpiga zumari huutia ulimi wote kinywani, huegemeza midomo juu ya kisahani, hujaza mashavu pumzi, kisha huvuta pumzi nyingine puani pasipo kuikata sauti. Waliopata kuutazama mchezo wa kirumbizi huko Lamu wajua jinsi zumari isivyonyamaza. Watu husema ulimi hauna mfupa. Na ulimi huu hauna mfupa wala bwana, maana hutikisika wenyewe ndani ya kinywa, midomo isiweze kuutawala. Kwa hiyo zumari yajua kupaza sauti, haijui kunong'ona.

Ulaya nayo ilikuwa na chombo cha namna hii hii, chenye ndimi mbili na kisahani. Katikati ya karne ya 17 mafundi wa Ufaransa, na miongoni mwao watu wa ukoo wa Hotteterre, walikiondoa kisahani kile ili midomo iushike ulimi wenyewe. Mpigaji akiubana, sauti hupungua, akiulegeza, hukua. Ndivyo oboi ilivyopatikana, nayo ikafaa kupigwa chumbani pamoja na fidla. Na ulimi wake, ulio wa tete, hata leo hufungwa kwa uzi juu ya kibomba, kama ule wa Lamu.

Klarineti ina ulimi mmoja tu. Aliyeitunga, kama isemwavyo na wengi, ni fundi Johann Christoph Denner wa mji wa Nürnberg, karibu na mwaka 1700. Hapa ulimi hauna mwenzake wa kugongana naye. Hulazwa juu ya kipulizio, ambacho ni kama mdomo wa bata wenye tundu upande mmoja. Kati ya ncha ya ulimi na ncha ya kipulizio hubaki upenyo wa kama milimita 1, na pumzi ikipita ulimi huufunga na kuufungua upenyo ule mara mamia kwa sekunde moja. Upenyo ukiwa mpana mno, mpigaji huchoka. Ukiwa mwembamba mno, sauti hubanwa kama ya mwenye mafua. Zamani wengi waliuelekeza ulimi kwenye mdomo wa juu; baadaye wakakigeuza kipulizio, ulimi ukalala juu ya mdomo wa chini, ulio mwepesi zaidi kuutawala.

Ulimi huo hufungwaje? Kwanza kwa uzi, uliozungushwa mara nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 19 mpigaji Iwan Müller alileta kifungo cha madini chenye skrubu, na watu wakafurahi, kwa kuwa ulimi uliochoka uliweza kubadilishwa upesi. Lakini madini hung'ata mahali pachache na kwa nguvu, hali uzi hukaza kote sawasawa. Kwa hiyo wapigaji wengi wa Ujerumani hawakuuacha uzi hata leo, na kiwanda cha Vandoren cha Ufaransa, kilichoanzishwa mwaka 1905, chauza pia vifungo vya kamba iliyosukwa. Twaona basi kwamba fundi wa zumari na uzi wake hakustahili kuchekwa.

Sasa twarudi kwenye mpingo. Vipulizio vya kwanza vilikuwa vya mti, na mpingo nao ulitumiwa. Ila mahali ulimi unapolala hapana budi pawe bapa kabisa. Pakipinda kwa unene wa unywele, pumzi huvuja na sauti hulia kama mlango. Na mti wo wote, hata ulio mgumu, hunywa mvuke wa pumzi ukavimba, kisha ukikauka husinyaa. Baada ya mwaka 1850 ulipatikana mpira mgumu, uliopikwa pamoja na salfa, usiokunywa maji. Huo ndio ulioufukuza mti kinywani. Wako mafundi wachache wafanyao vipulizio vya mpingo hata leo, lakini ni kwa wapendao taabu. Ulimi umebaki tete, hasa lile la jimbo la Var kusini mwa Ufaransa, ingawa tangu mwisho wa miaka ya 1990 ziko ndimi za plastiki kutoka Kanada.

Mwili, ndio milki ya mpingo. Mti huu ni mzito hata huzama majini, nao hukubali kutobolewa matundu safi kama ya madini. Lakini fundi wa klarineti hutaka kipande kilichonyoka, kisicho na fundo wala ufa, na sehemu kubwa ya gogo hukataliwa. Mti wenyewe umekua miaka 70 hata 100. Tangu miaka ya 1990 kiwanda cha Buffet Crampon hufanya miili kwa unga wa mpingo uliochanganywa na gundi na nyuzi za kaboni, isiyopasuka. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vya Kilwa, wilaya iliyo jirani na Ruangwa, vilipata hati ya kimataifa ya utunzaji wa misitu yao. Hati hiyo huutazama msitu. Mabaki ya msumeno ni shauri jingine. Wachongaji wa Kimakonde hufanya vinyago kwa mpingo, na vipande vifupi huwafaa. Nasi twadhani kisahani cha zumari nacho chaweza kuchongwa kwa vipande hivyo, maana kisahani hakihitaji kuwa bapa kama kitanda cha ulimi, wala mvuke wa pumzi hautaiharibu sauti yake.