Kilo Zilizokwama Hewani



Katika shamba moja la chai magharibi mwa Uganda, wachumaji hulipwa kwa kilo. Zamani karani wa mizani aliandika uzito katika daftari, na kila mchumaji aliiona namba yake kwa macho. Siku hizi uzito huingia katika kifaa kidogo cha mkononi. Jioni makarani hurudi ofisini, na vifaa hivyo hupeleka hesabu kwa Wi-Fi kwenye kompyuta ya mishahara.

Sisi wa kamati ya tawi tuliitwa mambo yalipoharibika. Kila jioni, makarani wote walipokuwa wamerudi, mtandao ulikuwa ukikatika. Hesabu zilibaki ndani ya vifaa, na orodha ya mishahara ikafungwa bila hizo. Mchumaji aliyepima kilo 50 alionekana kama hakufika kazini. Karani mmoja alipewa barua ya onyo kwa uzembe, na wachumaji wakaanza kumwita mwizi.

Tuliona hatari mbili: wafanyakazi kupoteza jasho lao, na wafanyakazi kugombana wao kwa wao. Tukaomba barua ile isimamishwe mpaka sababu ijulikane, na fundi aje apime.

Ofisi ilikuwa na visambazaji vitatu, yaani vile visanduku vyenye taa ndogo vinavyotundikwa ukutani. Wakubwa walikuwa wanataka kununua cha nne. Fundi alitembea ofisini na programu ya kupimia katika simu yake, kisha akatuonyesha: kisambazaji cha kwanza kilikuwa chaneli 1, cha pili chaneli 4, cha tatu chaneli 6, na vyote vilikuwa vimewekwa nguvu ya mwisho. Ugonjwa ulikuwa hapo.

Wi-Fi ni redio. Katika masafa ya gigahezi 2.4, nchi nyingi hutumia chaneli 13, na Marekani hutumia 11. Lakini kutoka chaneli moja mpaka ya pili ni megahezi 5 tu, na kisambazaji kinaposema huchukua upana wa megahezi 20 hivi. Ni kama mtu aliyechimba mashimo 13 ya migomba, kila moja futi moja kutoka kwa jingine. Mashimo ni mengi, lakini migomba itakayopata nafasi ni michache. Ndiyo maana mafundi hutumia chaneli 1, 6 na 11, ambazo haziingiliani. Ile chaneli 4 ilikuwa inaingia katika 1 na katika 6 pia.

Wengine watauliza: je, visambazaji viwili vikiwa kwenye chaneli ileile, si ni vibaya zaidi? Hapana. Vifaa vya Wi-Fi vina desturi ya mkutano mzuri: kila kimoja husikiliza kwanza, na mwenzake akiwa anasema, hungoja zamu. Vikiwa chaneli moja, vinaelewana na kupeana nafasi, ingawa kazi inakwenda polepole. Lakini vikiwa chaneli 4 na 6, ni kama mikutano miwili iliyotengwa na ukuta mwembamba. Huyasikii maneno ya upande wa pili ili ungoje zamu. Unasikia kelele tu. Ujumbe unaharibika, unarudiwa, unaharibika tena. Asubuhi, vifaa vikiwa vichache, hakuna anayeona tatizo. Jioni vyote vinapozungumza, hesabu zinakwama.

Kumbe kisambazaji cha nne kingeongeza kelele. Fundi hakununua kitu. Aliweka visambazaji vitatu kwenye chaneli 1, 6 na 11. Upana akauacha megahezi 20, kwa sababu megahezi 40 katika masafa hayo humeza karibu uwanja wote. Akapunguza nguvu, ili kila kisambazaji kihudumie upande wake bila kupiga kelele mpaka upande wa mwenzake. Kompyuta mpya za ofisini akazihamishia gigahezi 5, ambako chaneli ni nyingi zaidi, ingawa kuta huzuia mawimbi yake upesi. Vifaa vya mizani, ambavyo vinajua 2.4 tu, vikabaki na nafasi yao. Kompyuta ya mishahara aliiunganisha kwa waya. Mwisho aliondoa jiko la mikrowevu lililokuwa chini ya kisambazaji kimoja, maana jiko hilo hufanya kazi karibu na masafa yaleyale na huyavuruga.

Hesabu zilizokwama zilikuwa bado ndani ya vifaa. Zilitolewa, wachumaji wakalipwa kilo zao, na barua ya onyo ikafutwa.

Ndugu wanachama, matawi yote yajifunze mambo mawili. La kwanza, mtandao ukisumbua mahali penu pa kazi, ulizeni: visambazaji viko chaneli zipi, na nguvu yake ni kiasi gani? Kama jirani naye ana Wi-Fi, nendeni mkapatane naye. Masafa haya hayana mwenyewe. Anayepandisha nguvu peke yake huwaumiza wengine na hujiumiza mwenyewe.

La pili ni kubwa zaidi. Mfanyakazi asiadhibiwe kwa kosa la mtambo kabla mtambo haujapimwa. Na mashine ikishika hesabu ya jasho letu, tudai kila mchumaji apewe karatasi ya uzito wake palepale mizanini. Mawimbi yanaweza kupotea hewani. Karatasi iliyo mfukoni haipotei njiani kwenda ofisini.