Uvimbe wa taya: Usikimbilie kung’oa jino

MTOTO wa miaka mitano meno yake ya nyuma yanalegea kabla ya wakati, kisha shavu linavimba. Wengi nyumbani husema ni jino bovu, wakampeleka kung’olewa. Uvimbe hauishi, bali unazidi.

Mwaka 1957, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alimwona mtoto wa aina hiyo katika Hospitali ya Mulago, Kampala, taya zimevimba pande zote. Saratani hiyo leo huitwa limfoma ya Burkitt. Hukua kwa kasi kubwa, lakini husikia dawa vizuri ikiwahiwa. Ndiyo maana kila siku ina thamani.

Njia mojawapo ya kupata jibu mapema ni sindano nyembamba. Daktari huichoma kwenye uvimbe, huvuta seli chache, huzipaka kwenye kioo, huzitia rangi na kuzitazama kwa hadubini. Kuchoma huchukua dakika chache, na mgonjwa hashonwi nyuzi.

Kwa watu wazima, kipimo hicho hutumika sana kwa uvimbe wa tezi za mate, zilizo mbele ya sikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Uvimbe mwingi wa tezi ya mbele ya sikio si saratani. Kinyume chake, katika tezi ndogo uvimbe ni nadra, lakini ukitokea uwezekano wa kuwa saratani ni mkubwa zaidi.

Shida ni kwamba aina za uvimbe huo ni nyingi, na seli zake hufanana. Mwaka 2018 wataalamu walichapisha utaratibu uitwao Milan, unaogawa majibu katika makundi sita, kuanzia sampuli isiyotosha hadi saratani. Mgonjwa aelewe: “sampuli haitoshi” si sawa na “huna ugonjwa”. Arudi kupimwa tena.

Sindano nayo ina mipaka. Uvimbe uliofunikwa na mfupa mgumu wa taya haipenyi, na pengine seli chache hazitoshi kutaja ugonjwa. Hapo hukatwa kipande cha nyama kwa uchunguzi zaidi.

Mzazi akiona meno ya mtoto yanalegea huku shavu likivimba, au mtu mzima akiwa na uvimbe unaokua haraka, unaouma au unaopindisha uso, awahi hospitali. Kabla jino halijang’olewa, aulize: uvimbe huu umepimwa?