Vipimo vya nyumbani na ngozi nyeusi

Soko la vifaa vya kupimia afya nyumbani linazidi kupanuka nchini Marekani, na wahamiaji kutoka Afrika ni miongoni mwa wateja wake.

Katika maduka ya dawa ya Louisville, Columbus na Buffalo, miji ambamo Wakongo na Wasomali wengi waliokimbia vita wamefanya makao, mtu hununua bila cheti cha daktari mashine ya kupimia shinikizo la damu, kipimo cha sukari au cha oksijeni.

Hata kipimo cha virusi vya Ukimwi kinapatikana. Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha Julai 2012 kipimo cha mate ambacho mtu hujipima mwenyewe. Faragha hiyo si jambo dogo katika jamii ambamo mkalimani wa hospitali huweza kuwa jirani. Hata hivyo, maambukizi ya miezi mitatu ya karibuni huenda yasionekane.

Lakini vipo vifaa ambavyo usahihi wake hutegemea mwili wa anayepimwa.

Kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, kilichopata umaarufu wakati wa janga la Covid-19, hupitisha mwanga katika ngozi na kukadiria oksijeni iliyomo katika damu. Ngozi nyeusi hufyonza sehemu ya mwanga huo. Desemba 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza kuwa upungufu mkubwa wa oksijeni uliofichwa na kifaa hicho ulionekana kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Mgonjwa anayeishiwa pumzi aweza basi kuonyeshwa namba ya kumtuliza.

Mwongozo wa FDA wa mwaka 2013 ulitosheka na watu wawili wenye ngozi nyeusi katika majaribio ya watu kumi. Rasimu iliyotolewa Januari 2025 inapendekeza watu 150 au zaidi, wa rangi mbalimbali za ngozi.

Mkasa mwingine haujulikani sana. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, A1c, husoma sukari iliyoshikamana na himoglobini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa Wamarekani weusi waliorithi chembe moja ya selimundu, bila kuugua, hupata jibu la chini kwa takriban 0.3 kuliko wenzao wenye sukari ileile. Kwa aliye karibu na mpaka wa kisukari, tofauti hiyo yatosha kumficha.

Urithi huo umeenea Kongo, kandokando ya Ziwa Victoria na katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako malaria imekuwapo kwa karne nyingi. Wengi walio nao hawajui. Kipimo cha kawaida cha sukari, kile cha tone la damu kidoleni, hakiathiriwi nao.