Mgonjwa wa Akili Akichafuka, Hesabu Alama Sita

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kuona mtu akiletwa hospitali amefungwa kamba mikono na miguu. Watu wengi wanamfuata. Wengine wanalia, wengine wanacheka. Tukiuliza, "Amefanya nini?" wanajibu, "Ni mkali sana! Ana wazimu!" Lakini neno hilo "mkali" halitusaidii. Je, amempiga mtu, au amepaza sauti tu? Ni leo, au ni juma lililopita?

Mtoto akiwa na homa, hatusemi tu, "Mwili una moto." Tunaweka kipimo, tunaandika 39, na jioni tunapima tena. Hivyo tunajua kama homa inapanda au inashuka. Ukali wa mgonjwa wa akili nao unaweza kupimwa. Chombo chake ni macho yako, masikio yako na kalamu.

Katika nchi ya Norwe, mjini Trondheim, kuna mahali panapoitwa Brøset palipokuwa na hospitali ya wagonjwa wa akili. Katika miaka ya 1990 watu wa huko walichunguza mambo ambayo wagonjwa walifanya siku moja kabla ya kumpiga mtu. Waliona alama sita. Uzishike:

1. Amechanganyikiwa: hajui yuko wapi, wala walio karibu naye ni nani.
2. Anakasirika upesi kwa neno dogo.
3. Ana kelele na fujo: anapaza sauti, anapiga milango kwa nguvu.
4. Anatisha watu kwa maneno.
5. Anatisha kwa mwili: anainua ngumi, anashika mtu nguo.
6. Anashambulia vitu: anatupa sahani, anavunja dirisha.

Ukiona alama, andika 1. Usipoiona, andika 0. Kisha jumlisha. Jumla ikiwa 0, hatari ni ndogo. Ikiwa 1 au 2, hatari ipo kiasi, mkae macho. Ikiwa 3 au zaidi, hatari ni kubwa. Fanyeni shauri mara moja. Hesabu hiyo ni ya siku moja tu, yaani saa 24 zinazokuja. Kesho hesabu tena.

Angalia neno moja. Kama mtu amekuwa na kelele tangu zamani, nawe unamjua hivyo, usimwandikie 1 kwa kelele zake za kila siku. Mwandikie ikiwa zimezidi.

Sasa utauliza, "Faida yake ni nini?" Nitakuambia kosa langu mwenyewe. Usiku mmoja nililinda mgonjwa aliyefungwa kwa sababu alivunja kiti. Asubuhi nikaandika katika kitabu neno moja tu, "Mkali," nikaenda kulala. Mwenzangu alisoma neno lile, akaogopa kumfungua. Kumbe mgonjwa alikuwa ametulia tangu alfajiri. Alikaa katika kamba mpaka saa sita mchana, na mikono yake ikapata vidonda. Kama ningaliandika alama, mwenzangu angaliona kwamba zimeshuka, naye angalimfungua.

Basi, hesabu inatuonya mapema, tena inatuonyesha wakati wa kufungua. Huko Uswisi walijaribu kuhesabu hivi katika vyumba vya wagonjwa wa akili, na mwaka 2008 wakatangaza matokeo: mashambulio makubwa yalipungua, na kuwalazimisha wagonjwa kwa nguvu kulipungua pia.

Alama zikipanda nyumbani, fanya hivi. Ondoa panga, mchi na chupa. Watoto na watazamaji waondoke. Mtu mmoja tu aseme naye, kwa sauti ya chini, akisimama mbali kidogo, wala asizibe mlango. Msimpige, msimcheke. Mpeleke mtu mwingine akamwite mwuguzi.

Tena jua kwamba alama hazisemi sababu ya ugonjwa. Mtu aliyekuwa mzima jana, na leo amechanganyikiwa, pengine ana malaria iliyopanda kichwani, au sukari ya damu imeshuka, au ameumia kichwa, au ameacha pombe kwa ghafula baada ya kunywa siku nyingi. Huyo aletwe leo leo. Kumwombea ni vema. Mwombeeni njiani mkija.

Mnakumbuka habari za yule mtu aliyekaa makaburini, ambaye watu walimfunga kwa minyororo mara nyingi. Minyororo haikumponya. Wagonjwa wengi wa akili hawampigi mtu ye yote. Hofu yetu ndiyo inayowafunga.

Basi, ndugu, jifunze alama hizi kwa vidole vyako: vitano vya mkono mmoja, na kimoja cha mkono wa pili. Siku utakapomleta ndugu yako, usituambie, "Ni mkali." Tuambie, "Tangu asubuhi nimeona alama mbili. Jana zilikuwa nne." Nasi tutajua la kufanya.