Ngozi ya Chembe ya Damu

Watoto, tieni maji katika kikombe, kisha dondosheni tone moja la mawese. Mnaona nini? Mawese yanaelea juu, hayachanganyiki na maji. Kila mpishi wa Kasongo na wa Kabambare ajua jambo hili. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa damu yetu inalindwa na tabia hiyo hiyo ya mafuta.

Katika maji ya damu zinaelea chembe nyekundu nyingi mno. Kila chembe ina ngozi ya mafuta. Si mawese, ni mafuta ya namna yake: kila punje ina kichwa kinachopenda maji, na mikia miwili inayoyakimbia. Basi punje hujipanga safu mbili. Vichwa vya safu moja vyatazama maji ya nje, vya safu ya pili maji ya ndani, na mikia yote hujificha katikati. Ukipanga ngozi 200,000 za namna hii, moja juu ya nyingine, utapata unene wa milimeta moja tu, au karibu.

Ndani ya mafuta hayo zimechomekwa protini, kama miti katika ukuta wa udongo. Lakini ukuta wa nyumba umetulia, huu hautulii. Mafuta yake ni laini, na protini nyingi husogea huku na huku. Protini moja ikibadilika, ngozi nzima yaweza kubadilika.

Mdudu wa malaria huingiaje? Hushika protini za ngozi, huibonyeza, hupenya kwa muda usiotimia dakika moja. Humo huzaana mpaka chembe inapasuka, na mtoto anatetemeka kwa homa. Katika Maniema tumezika watoto wengi kwa ugonjwa huu.

Sasa tutoke Kabambare, tuvuke ziwa Tanganyika na nchi yote ya Tanzania, tufike pwani ambako Kiswahili chetu kilitoka pamoja na misafara. Kaskazini ya Mombasa, katika Kenya, uko mji wa Kilifi. Huko watu wengine wana damu iitwayo Dantu: kipande cha protini moja ya ngozi kimeungana na kipande cha nyingine. Mtoto aliyeirithi kwa mzazi mmoja, hatari yake ya malaria kali hupungua kwa karibu 40 katika 100. Akiirithi kwa baba na mama, hupungua zaidi.

Kwa nini? Silvia Kariuki na wenzake walichukua damu ya watoto 42 wa Kilifi, wakapiga filamu kwa hadubini wadudu wakijaribu kuingia. Mwaka 2020 walitoa jibu: ngozi ya chembe za Dantu imekazwa zaidi. Mwajua ngoma iliyoanikwa penye moto. Ukiibonyeza kwa kidole, haibonyei. Hata katika damu ya watu wengine, chembe zilizokazwa sana hazikuingiliwa.

Je, yaweza kupatikana dawa ya kukaza ngozi hiyo? Wataalamu wanaifikiria. Si kazi nyepesi, kwa maana chembe nyekundu hupita katika mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe, nayo hujikunja ili ipite. Ikikazwa kupita kiasi, itapitaje?